Risasi za Baudouin

Bunduki ya Hillary Kamande ilitoa mlio usio wake. Waliokuwa wamelala kifudifudi kwenye mstari wa shabaha waliinua vichwa, wakamwona ameshika uso, damu ikimchuruzika katikati ya vidole. Gesi ya moto ilikuwa imerudi nyuma ikampasua juu ya jicho. Ingeshuka kidogo tu, angekuwa chongo.

"Ni risasi za Baudouin!" alipiga kelele. "Alinipea yeye!"

Ilikuwa Jumapili asubuhi, Juni 2004, kwenye uwanja wa shabaha nje ya London. Kufikia Jumanne polisi walikuwa wamechukua bunduki ya Baudouin pamoja na cheti chake cha silaha, na Teresia Wanjala, afisa wa leseni za silaha, alikuwa amesimama katika chumba cha klabu nyuma ya duka la Mzee Hasmukh, Kingsbury. Mbele yake alikuwa Baudouin mwenyewe, kijana wa Bukavu, amewaka kama kaa la moto.

"Sikumupa hata moja, mama! Waliiba boksi muzima humu ndani ya kabati."

"Kabati halikuvunjwa."

"Basi walifungua. Mimi nilisikia Jumapili tu, kama wengine." Alipangusa jasho. "Maombi yangu ya uraia iko Croydon, kwa watu wa uhamiaji. Wakiandika nimevunja sheria ya silaha, watanifungia mulango. Na Agathe, bibi yangu wa ndoa, ananingoja kule Bukavu. Nikikosa, hafiki."

Teresia alivuta kiti mezani. Alikuwa amesikia viapo vingi katika kazi yake, na machozi pia. Alimwaga mezani risasi zilizobaki katika mfuko wa Hillary, akazitazama moja moja kwa lenzi. Kwenye kichwa cha shaba cha kila risasi aliona miduara miwili: mmoja mpana, hafifu, mwingine mwembamba, uliokata ndani.

"Unazitengenezaje mwenyewe?"

Baudouin alichukua ganda tupu lisilo na baruti wala fataki, akalipachika kichwa kijuujuu, kisha akakipaka moshi wa mshumaa mpaka kikawa cheusi. Teresia alikuwa amekuja na bunduki yake kutoka polisi. Kijana aliingiza risasi hiyo ya bandia, akafunga komeo taratibu, akaitoa. Kwenye masizi palikuwa na mikwaruzo.

"Hapo mifereji ya mututu imekigusa. Nakisukuma kidogo, najaribu tena, mpaka mikwaruzo ipotee. Bunduki hii ni nzee, koo yake imelika. Kichwa lazima kikae mbele sana, karibu na mifereji. Ndiyo maana inapiga penye nataka."

"Na bunduki nyingine?"

"Kila moja na koo yake, mama. Utavaa kiatu cha jirani?"

Teresia aliweka risasi ile ya bandia kando ya zile za Hillary. Za Hillary zilikuwa fupi waziwazi.

"Hizi siyo urefu wangu!" Baudouin aliruka. "Mutu amesukuma vichwa ndani! Baruti niliipimia risasi ndefu. Ukikizamisha kichwa, nafasi inakuwa ndogo, nguvu inapanda."

"Labda ulizifupisha wewe, kwa ajili yake."

"Mimi?" Alicheka kwa hasira. "Jumamosi tunashindania nafasi moja ya timu, mimi na yeye. Nimupikie, halafu nimulishe na kijiko?"

Mzee Hasmukh, mzaliwa wa Kisumu na katibu wa klabu, alikuwa mlangoni akisikiliza. Teresia alimgeukia.

"Ufunguo wa kabati ni wa nani?"

"Iko moja tu, dada. Kaa hapa shingoni. Hapana toka." Alijibu haraka mno, mkono ukishika kamba ya ufunguo kana kwamba unataka kukimbia.

Hapo Teresia alimshuku mzee. Kabati halikuvunjwa, ufunguo ni mmoja, na mwenyewe ana haraka ya kujitetea. Lakini mzee anayetembea kwa fimbo, asiyepiga tena shabaha, azitakie nini risasi za mtu?

Jioni ile alimkuta Hillary kwao Kenton, bendeji imefunika nyusi.

"Ziliingia kwenye magazini ya bunduki yako vizuri?"

"Bila noma, madam. Alinipea hapo uwanjani, nikajaza, nikafyatua."

"Hukuzibadilisha?"

"Na nini? Mimi sina mashine. Risasi zangu nanunua dukani."

Alhamisi Teresia aliwaita wote watatu katika chumba cha klabu. Juu ya meza aliweka magazini ya Hillary, kile kisanduku kinachobeba risasi ndani ya bunduki, na risasi ya bandia yenye urefu wa Baudouin.

"Hillary, ijaze."

Hillary aliisukuma. Ncha iligonga ukuta wa mbele. Aliinamisha, akageuza. Haikuingia.

"Bunduki ya Baudouin haina magazini," Teresia alisema. "Anaingiza moja moja kwa mkono, ndiyo sababu urefu haumsumbui. Wewe unakusumbua."

"Basi alizifupisha yeye kabla ya kunipea!"

Teresia alichukua vichwa viwili vipya. Kimoja alikisindilia katika ganda kwa kifaa cha Baudouin, ambacho mwenyewe hutembea nacho mfukoni. Kikaacha mduara mpana. Cha pili kwa kifaa cha klabu kinachofungiwa kabatini. Kikaacha mduara mwembamba.

"Risasi za mfukoni mwako zina miduara yote miwili. Baudouin alizisindilia mara ya kwanza. Mara ya pili alizisukuma mtu asiye na kifaa chake mwenyewe, aliyefungua kabati hili. Mzee Hasmukh, nakuuliza tena. Ufunguo ulitoka?"

Mzee aliketi. "Ijumaa. Hillary alisema nataka toa karatasi ya shabaha kabatini. Duka ilijaa watu, mimi napa yeye." Alifuta miwani. "Katibu nampa mtu ufunguo ya risasi, klabu nafungwa. Iko miaka ishirini hii klabu, dada. Mimi naogopa."

Hillary aligusa bendeji yake.

"Kila Jumapili ananishinda," alisema kwa sauti ndogo. "Bunduki yangu mpya, yake kuukuu, na bado ananishinda. Nikajua siri ni risasi. Hazikuingia, nikazisukuma mpaka zikaingia. Iliponilipukia, nikaogopa kusema niliiba."

"Ukaona afadhali mimi nipoteze bibi yangu!" Baudouin alinguruma, akasimama. Teresia alinyoosha mkono kumzuia, lakini kijana hakusogea. "Mupumbavu. Ungeniuliza ningekufundisha kupima koo ya bunduki yako. Ningekushinda tu, lakini ningekufundisha."

Hillary alitia saini maelezo yake. Bunduki yake na cheti vikabaki mikononi mwa polisi kungoja mashtaka. Mzee Hasmukh aliandikiwa onyo, na tangu siku hiyo kabati likatiwa kufuli mbili, za watu wawili.

Teresia alimkabidhi Baudouin bunduki na cheti chake. "Barua ya kukusafisha itaondoka leo kwenda Croydon. Nitaipeleka kwa mkono wangu."

Baudouin aliiweka bunduki mezani. Alitoa simu, akapiga Bukavu, akangoja huku akitembea huku na huku katikati ya meza na mlango.

"Agathe?" alisema. "Anza kutafuta koti nzito. Huku kuna baridi."