Bikira Maria Mwenye Sura ya Mdogo Wangu

Wasomaji wenzangu, nina umri wa miaka thelathini na nne. Naishi peke yangu hapa Igurwa, bila mume, bila mtoto. Nisikilizeni...

Mume wangu Kasiano alikuwa mchoraji. Padri alimpa picha mashuhuri za kale za Wazungu, naye akazichora upya kwa sura zetu. Mitume aliwaketisha migombani, wakila ndizi kwenye majani. Watu walitoka hadi Nkwenda kuja kushangaa!

Baada ya vita na Uganda akaagizwa kuchora Bikira Maria na Mtoto ukutani kanisani. Mimi nilikuwa nimezika watoto wawili. Nikamwomba anichore mimi, angalau nimpakate mtoto pale ukutani...

"Uso wako umejaa msiba," alinijibu. "Maria huyu anatakiwa afurahi."

Nikakubali. Mwenyewe nikamwita mdogo wangu Yustina kutoka Chonyonyo, aje achorwe. Asubuhi niliwapikia, kisha nikaenda kuchuma kahawa. Ningeshuku nini? Yustina ni mtoto niliyembeba mwenyewe mgongoni!

Siku ya kufunuliwa picha, kanisa zima lilipiga vigelegele. Mimi nikasogea karibu. Maria alikuwa amejitanda kanga yangu ya arusi, niliyoifungia sandukuni, ambayo sikumwazima mtu!

Nilimuuliza Kasiano. Akacheka, eti maua yamefanana tu. Nikanyamaza...

Haikupita miezi mingi, Yustina akaja na mama yetu. Alipiga magoti mlangoni, tumbo limemtangulia.

"Shikamoo, dada," alisema, macho chini.

Nilishindwa kuitikia. Mama akanisihi nisimwaibishe mdogo wangu. Na mimi je? Aibu yangu nani aliifunika?

Kasiano alimchukua Yustina, wakavuka mpaka kwenda Uganda. Nasikia wana watoto watatu...

Picha imebaki. Wanawake wanaotafuta uzazi huwasha mishumaa mbele yake. Jirani zangu, kwa huruma, hunishika mkono: "Twende, ukamwombe Mama Maria, naye atakusikia." Nitawaambiaje? Ninapiga magoti mbele ya Yustina. Midomo inasali, moyo unalaani. Padri anasema nisamehe. Nimejaribu, wasomaji. Sijaweza!

Dada zangu, mkiona dalili nyumbani, msinyamaze kwa kuogopa maneno ya watu! Semeni siku hiyo hiyo, hata kama nyumba itavunjika. Mimi nilinyamaza ili yangu isimame, na ikavunjika vilevile. Leo ningependa kusema, lakini niseme na nani?