Ukurasa wa Kumi na Tisa

Risasi iliingia nyuma ya goti.

Mkalimani wa wizara alianguka, akabiringika ngazi sita, akasimamishwa na ukuta. Mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Nyigu alimfuata bila haraka. Hilo ndilo jina alilopewa na Idara ya Ujasusi, na wengi hawakulijua jingine. Bastola yake, Glock 19, ilikuwa bado inafuka moshi kwenye kizuia sauti.

"Shemeji!" mkalimani alilia. "Utaniua mimi? Mume wa mdogo wako?"

"Itategemea. Ukurasa wa kumi na tisa umeufanya nini?"

"Sijui..."

Nyigu akalikanyaga goti.

Mayowe yalipanda ghorofa nne. Kisha maneno yakamtoka yenyewe. Mshauri wa sheria wa ubalozi, ubalozi wa wale wageni wenye kambi ya kijeshi kaskazini, alimwahidi uraia, yeye na watoto. Naye mkalimani jana jioni akabadilisha ukurasa mmoja katika mkataba unaotiwa saini leo. Ule wa awali ulisema askari mgeni akiua raia atashtakiwa hapa hapa. Huu mpya ulisema hashtakiwi popote, kwa tendo lijalo wala lililopita.

Lililopita.

Neno moja, na kesi ya kisimani imekwisha. Watu arobaini na mmoja walichomwa na ndege isiyo na rubani ya kambi hiyo wakiwa kwenye foleni ya maji. Madumu ya plastiki yaliyeyukia vidoleni mwao.

"Nilibadilisha maneno tu, shemeji."

"Maneno ndiyo yanayoua kwa kibali."

Akamfunga pingu kwenye bomba la ngazi, akawasha redio yake ya Motorola.

"Nyigu kwa Mkuu. Ukurasa umechezewa. Simamisha saini."

"Haiwezekani. Kamera ziko hewani. Una dakika tisa."

"Basi naingia."

"Fuata itifaki, Nyigu!"

"Itifaki nimeiacha kwenye ngazi."

Mlangoni mwa ukumbi alisimama Mshauri. Suti ya kijivu, viatu vinang'aa. Akainua hati yake ya kidiplomasia.

"Nina kinga. Niguse tu, na nchi yako itaburutwa mbele ya mahakama ya dunia."

"Na nchi yako?"

"Sisi mahakama hiyo hatuitambui." Akatabasamu.

Nyigu hakumgusa. Alimzunguka kama anavyozungukwa mbwa aliyelala njiani.

Kalamu ya Waziri ilikuwa imeshagusa karatasi. Nyigu akaupokonya mkataba, akavuta kipaza sauti, akausoma ukurasa wa kumi na tisa. Polepole. Neno kwa neno.

Uso wa Waziri ukageuka rangi ya majivu.

Balozi wa wageni, aliyeketi kando ya Waziri, alifikiri kwa sekunde tatu.

"Makosa ya uchapaji," akasema mbele ya kamera. "Ofisa aliyehusika si mtumishi wetu tena, kuanzia sasa. Kinga yake tumeiondoa."

Mkubwa akitaka kuelea, hutupa mtu majini.

Ukurasa wa awali ulirudishwa. Saini zikawekwa. Watu wakapiga makofi.

Mshauri alikuwa koridoni, akibonyeza kitufe cha lifti kama mwenda wazimu.

"Lile neno lako la mlangoni," Nyigu akasema nyuma yake. "Hebu lirudie."

"Nina kinga..."

Kidole gumba kikavunjika kwa mlio wa kijiti kikavu.

"Rudia."

Hakulirudia. Kufikia kidole cha tatu alikuwa ameshataja watu wengine wawili ndani ya wizara. Nyigu akavunja cha nne, ambacho hakuna aliyekihitaji.

Redio ikakoroma.

"Nyigu. Shemeji yako alivuja damu nyingi mno. Amekufa kwenye gari la wagonjwa."

Nyigu akauachia mkono wa Mshauri.

"Nimepokea."

Nje ya geti, bibi mmoja alikuwa ameketi ukingoni mwa barabara, karatasi za mahakama zikiwa ndani ya mfuko wa plastiki mapajani.

"Mwanangu, wamesema leo kesi yetu ya kisimani inafutwa. Ni kweli?"

"Haijafutwa, mama."

"Itasikilizwa lini?"

Nyigu angeweza kudanganya. Kazi yake ilikuwa hiyo.

"Labda miaka mitano. Labda kumi."

Bibi akatikisa kichwa, akakunja mdomo wa mfuko wake vizuri.

"Nilizika sita siku moja. Kusubiri kutanishinda?"

Nyigu alivaa miwani ya jua, akavuka barabara katikati ya magari, wala hakugeuka.