Viatu Mbele ya Dohani

Jua lilikuwa linazama dada yangu aliponipigia simu. Baridi imeanza, akasema, nikamsafishie dohani.

Nikaenda. Fundi wa dohani wa ukoo mzima ni mimi. Nilizunguka nchi za baridi kutafuta maisha, nikarudi na kikohozi, kitambi na burashi ya waya.

Dohani yake ni ya kizamani, pana, mtu anaingia na kupanda. Meko yake hayakuwashwa tangu shemeji afariki baridi iliyopita. Alikutwa asubuhi kwenye kiti chake, mbele ya majivu. Moshi ulikosa njia ukamrudia, daktari alisema. Nilikuwa nimeisafisha mwenyewe kabla ya baridi ile. Dada alinitetea kwa watu: "Msimlaumu. Macho yake yamezeeka."

Nikavua viatu, nikaviweka mbele ya meko. Ndiyo desturi ya kazi yetu. Viatu vikiwa pale, fundi yumo ndani, na hakuna anayegusa kiberiti. Dada anaijua tangu zamani.

"Usinenepe humo ndani," akanitania, akaenda jikoni.

Nikapanda, miguu kwenye kingo za matofali, tochi mdomoni. Kitambi kikapita kwa kubembelezwa.

Halafu nikaona ukuta.

Masizi yalikuwa yameganda, meusi, yanang'aa kama kioo. Lami ya moshi. Hiyo huletwa na kuni mbichi, na ikishika moto nyumba nzima inakwenda. Ilikuwa nene kuliko kiganja. Ili iwe hivyo kwa msimu mmoja, mtu lazima awashe kuni mbichi kila siku... na anyamaze.

Nikainua mkono niikwangue.

Mkono ukashikwa.

Vidole. Vya moto. Kutoka juu.

Tochi ikaanguka. Nikavuta, kifua kikabanwa na matofali. Nilitaka kupiga kelele, ikatoka pumzi tu, kama ya paka mgonjwa. Ikanijia harufu ya tangawizi. Shemeji alikuwa akiitafuna mchana kutwa.

"Shemeji..." nikanong'ona.

Vidole vikakaza.

Chini, mlango ulilia. Hatua za dada. Nikashukuru. Ataona viatu, ataita jina langu.

Hakuita.

Nikasikia kitu kikiokotwa sakafuni, taratibu. Hatua zikaenda, zikarudi. Kuni zikapangwa chini yangu. Karatasi zikakunjwa.

Kwaruu. Kiberiti.

Pumzi ikashuka kando ya sikio langu, baridi, yenye tangawizi. Fuuu. Kikazimika.

Kwaruu.

Fuuu.

"Acha," dada akanong'ona. Hakuwa anasema na mimi. "Nimekwambia acha."

Kwaruu. Fuuu. Kwaruu. Fuuu. Halafu kisanduku kitupu kikatupwa, na hatua zikaelekea jikoni kutafuta kingine.

Vidole vikaniachia.

Nikaporomoka na masizi yote hadi juu ya kuni. Nikatambaa, nikaufikia mlango wa nje. Umefungwa, ufunguo haupo. Madirisha yale yana nondo. Niliziweka mwenyewe, nikiogopa wezi wasije wakamdhuru dada yangu.

Viatu vyangu vilikuwa nyuma ya mlango. Kamba zimefungwa pamoja, kwa fundo la kufungia kuni. Mama alitufundisha fundo lile sisi wawili tu.

"Mdogo wangu."

Alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni, kiberiti kipya mkononi. Uso wake wa upole, uleule ulionilea.

"Umenitisha," akasema. "Nilidhani umeshaondoka. Sikuona viatu."

"Nimemaliza," nikasema. "Nifungulie, dada. Niwahi usafiri."

"Na giza hili? Utalala hapa. Nitakutandikia palepale chumbani penye meko, kwenye joto."

Nikajaribu kucheka. Nimecheka mipakani na mbele ya askari, ikaniokoa. Safari hii kicheko hakikuja.

Akanisogelea, akanishika mkono, akaugeuza kwenye mwanga. Alama za vidole vitano zilikuwa zimechorwa kwa lami kwenye kifundo cha mkono wangu, ncha zake zikielekea kiwikoni, kama za mtu aliyeshika kutoka juu. Akazisugua kwa kidole gumba. Hazikutoka.

Mle ndani ya dohani kitu kilijisogeza. Vumbi likamwagika juu ya kuni.

Dada hakugeuka. Akaniinamia sikioni, akanong'ona:

"Amekwambia nini?"