Gamba la Chumvi

Gari lilizama bila kishindo. Magurudumu ya mbele yalitoboa gamba la chumvi, tope jeusi likabubujika, pikapu ikainama hadi taa zikafunikwa. Ndani walikuwa wawili: mpima ardhi, mama wa makamo aliyefiwa na mume, na shemeji yake aliyekuwa dereva, ambaye watu walimwita Chuma. Ni Chuma aliyeamua kukatisha katikati ya ziwa lililokauka badala ya kufuata barabara ya kuzunguka.

“Ofisini wanajua tumepita barabarani,” mpima ardhi alisema. “Huku hakuna atakayetutafuta.”

Walikuwa na nusu dumu la maji. Upepo ulianza kuinua chumvi, na mpaka kati ya ardhi na mbingu ukawa unafutika.

“Turudi kwa alama za matairi kabla hazijafukiwa.”

“Shemeji, vilima vile pale. Pua na mdomo.” Chuma alicheka. “Wewe umeogopa maisha yako yote. Utaishi lini?”

Maneno hayo yalimchoma, maana hakuweza kuyakana. Chuma akashika njia yake, kifua mbele, hata maji hakuchukua, mpaka weupe ukammeza.

Mpima ardhi alikuwa ameanza kufuata matairi, dumu mkononi, aliposikia ukelele. Mmoja tu, kisha kimya, na kimya kile kilimtisha zaidi. Alama za matairi zilikuwa zikifukiwa mbele ya macho yake. Akigeuka, huenda asizione tena. Alingoja woga umtoke ndipo aende. Haukutoka. Akatambua kwamba hautatoka, na kwamba aliyezama kule hana muda wa kuusubiri.

Akaenda nao.

Alipitia kwenye pikapu, akachukua mbao mbili na kamba ya kuvutia gari. Kwa kufuata nyayo zilizoanza kufukiwa, alimkuta Chuma amezama hadi kifuani, akitapatapa, na kila alipojitutumua tope lilimvuta chini.

“Nakufa, shemeji.”

“Acha kupiga mateke. Jilaze chali.”

“Naogopa.”

“Hata mimi. Jilaze.”

Alitambaa kwa tumbo juu ya mbao, akisukuma moja mbele na kuivuta nyingine. Chini ya mbavu zake gamba lilitoa mlio mwembamba, kama kioo kinachotaka kupasuka. Chumvi ilimkata viganja, kisha ikaingia kwenye mikato hiyohiyo. Alimpitishia Chuma kamba makwapani, akavuta, akapumzika, akavuta tena. Tope lilimwachia shingo upande, likabaki na kiatu kimoja.

Alama zilikuwa zimefutika. Jua lilikuwa doa tu nyuma ya vumbi. Mpima ardhi aliliweka begani kushoto, akatangulia. Maji walikunywa kwa kifuniko cha dumu. Chuma, aliyezoea kuongea bila breki, alishika ncha ya kamba na kufuata. Kila gamba lilipolia, walijilaza, wakatambaa, wakabadili njia.

Giza lilikuwa linaingia miguu yao ilipogusa changarawe. Baadaye taa za lori zikawamulika.

“Nani kamwokoa mwenzake?” dereva wa lori aliuliza, akimtazama Chuma. “Wewe, kaka?”

Chuma aliangalia viganja vya shemeji yake.

“Mimi ndiye niliyezama,” alisema. “Yeye alinifuata.”

Mpima ardhi alipokea kikombe cha maji. Mikono ilimtetemeka hadi maji yakamwagikia magotini, na hakujaribu kuificha.