Aliyeitikiwa Umm Salal

Jirani yangu Jerusha ni nesi, mtu wa kucheka, asiyeogopa hata maiti. Ndiyo maana nilipomkuta amekaa kwenye ngazi za jengo letu hapa Al Thumama, huku Uarabuni tunakofanya kazi, begi la nguo mapajani, nilimwingiza kwangu bila kumuuliza kitu. Alishika kikombe cha chai kwa mikono miwili, akaanza kunisimulia.

Ijumaa iliyopita yeye na mumewe, Levis, walikuwa na mapumziko. Mgonjwa mmoja ambaye Jerusha alimuuguza hadi akapona alikuwa amewalipia walale katika nyumba ya wageni ya Kijapani, kule Umm Salal karibu na mashamba. Walipokelewa na Arnold, Mganda wa mapokezi, akawaonyesha pa kuacha viatu. Chumba hakikuwa na kiti wala kitanda. Sakafu yote ilikuwa mikeka ya nyasi, na mlango ulikuwa wa fremu za mbao zilizobandikwa karatasi nyeupe, wa kusukuma pembeni.

"Wahudumu hupiga magoti hapo nje," Arnold aliwaambia. "Hawafungui mpaka mgeni aitikie."

"Leo sisi ni wafalme!" Levis akacheka. Baada ya chakula alijinyoosha kwenye godoro la chini, usingizi ukamchukua.

Alasiri vumbi likatanda nje, mwanga wa chumbani ukageuka wa kahawia. Jerusha hakutulia. Alikaa, akasimama, akakaa tena. Hakujua anasubiri nini.

Kisha akaona kivuli kwenye karatasi. Mtu amepiga magoti, kichwa ameinamisha.

"Hodi," sauti ya mwanamke ikasema polepole.

Jerusha aliniambia alifurahi. Kumbe kuna mtu wa nyumbani anafanya kazi hapa! Akaitikia bila kufikiri, kama ambavyo mimi au wewe tungeitikia.

"Karibu, mama."

Mlango ukasogea. Ukasimama. Ukasogea tena.

Nje hapakuwa na mtu.

Lakini mkeka ulibonyea. Vishimo viwili vya magoti, pale mlangoni. Halafu viwili vingine, mbele kidogo. Vikampita Jerusha. Kitu kama nguo mbichi kikamgusa mguu. Vikaenda kwa Levis. Vikafika kichwani pake.

Vikakoma.

Jerusha akapiga kelele. Levis akafumbua macho taratibu, akamtazama kama mtu anayejaribu kukumbuka jina.

Walifungasha papo hapo. Pale mapokezi Jerusha akamuuliza Arnold kama kuna mwanamke yeyote anayefanya kazi pale anayejua Kiswahili.

"Hakuna, madam. Anayekijua ni mimi peke yangu." Kisha akamsogelea, akanong'ona, "Ulimwitikia?"

Arnold aliwasogezea viatu, na hakuwatazama tena.

"Tangu hapo Levis anaendeleaje?" nilimuuliza Jerusha.

"Anaenda kazini. Anakula. Anaongea vizuri tu." Alinong'ona, ingawa tulikuwa wawili. "Lakini Edith, nikigeuka kitandani, upande wake ni baridi. Na ninasikia mtu anapumua chini, kando ya kichwa changu."

Alilala kwangu siku hiyo. Asubuhi Levis akaja kumletea sare yake ya kazi. Alikuwa amevaa kaptula, uso wake mpole kama kawaida, na alinisalimia vizuri. Mimi ndiye niliyeinamisha macho.

Magoti yake yote mawili yalikuwa mekundu, yamechapwa mistari myembamba iliyopishana, kama ya mtu aliyepiga magoti muda mrefu juu ya mkeka. Vyumba vyetu vyote ni vya vigae. Hakuna mwenye mkeka.

"Levis, magoti yamefanya nini?"

Akayatazama. Akayasugua kwa kiganja.

"Hata sijui, dada. Kila nikiamka ninayakuta hivi."

Unyasi mmoja ulikuwa umekwama kwenye ngozi. Akauchomoa na kuuweka juu ya meza yangu.

Ulikuwa bado mbichi.