Kuku Warudi Uani

Kila asubuhi mama mkwe alifungua banda la kuku kabla ya kunywa chai. Kuku tisa na jogoo mmoja walitoka wakisukumana. Mama aliwahesabu kwa kidole. Kisha aliketi kwenye kigoda akiwatazama wakichakura.

Mke wa mwanawe alikuwa fundi cherehani. Alishonea chumba cha nyuma, karibu na dirisha linalotazama uani. Mume wake, mtoto wa pekee wa mama huyu, alifariki mwaka uliopita. Tangu hapo mama aliongea na watu kwa nadra. Lakini na kuku aliongea.

"Karani, hamia kwingine. Hapo umeshamaliza," alimwambia kuku mmoja mweusi. Alimwita Karani kwa sababu alichora ardhi kwa kucha kama anayeandika barua.

Wiki moja mambo yaliharibika. Jumatatu jioni kuku mmoja hakurudi. Alhamisi, mchana kweupe, jogoo alipiga kelele. Fundi alitoka mbio. Alikuta manyoya tu katikati ya ua. Jumamosi asubuhi mama alifungua banda. Kuku wawili walikuwa wamelala ndani, wamekufa. Shingo zao zilikuwa zimeng'atwa. Mmoja alikuwa Karani.

Mama hakulia. Alimfunika Karani kwa kipande cha kitambaa.

"Hata hawa nimeshindwa kuwalinda," alisema.

Fundi aliumia kusikia hivyo. Siku hiyohiyo aliwafungia kuku wote waliobaki ndani ya stoo.

"Hawatatoka tena, mama. Humu hakuna kitakachowagusa."

Baada ya wiki mbili stoo ilinuka. Kuku walikosa nafasi wakaanza kudonoana. Mmoja alitoka damu mgongoni. Mayai yalikwisha kabisa. Mama naye, kwa kuwa hakuwa na banda la kufungua, aliacha kuamka mapema. Mlango wa chumba chake ulibaki umefungwa hadi jua la saa sita.

Siku ya chanjo ya kuku, afisa mifugo alipiga hodi. Alikuwa mwanamke wa makamo, amebeba kisanduku chenye barafu. Alifungua stoo, akarudi hatua moja nyuma.

"Wamekaa humu muda gani?"

"Wiki mbili, daktari. Nje wanaliwa."

"Na humu wanakulana," alijibu taratibu. "Huyu mwenye kidonda mtenge, umsafishe kwa maji ya chumvi. Halafu nionyeshe walikofia wenzake."

Walizunguka ua pamoja, fundi akimweleza yaliyotokea. Mama alisikia sauti ya mgeni, akatoka, akasimama mlangoni na khanga mabegani.

"Manyoya katikati ya ua ni kazi ya mwewe," alisema afisa. "Tazama, hapa pote ni peupe. Kuku akiona kivuli cha ndege, atakimbilia wapi? Mjengee vibanda vifupi vya matawi, kimoja kila baada ya hatua chache. Acha na vichaka viwili vitatu, usifyeke kila kitu."

Walipofika bandani, aliinama nyuma ya ukuta. Aliingiza ngumi kwenye tundu lililokuwa chini ya ubao.

"Aliyewang'ata shingo alipita hapa. Nadhani ni kicheche. Ni mnyama mwembamba, hutembea usiku. Ziba kwa wavu wa chuma wenye matundu madogo. Chimba, uufukie futi moja chini, maana atajaribu kufukua. Na mlango uwe na komeo. Jiwe mnaloegemeza halitoshi."

"Na yule aliyepotea Jumatatu?" aliuliza fundi.

"Huyo sijui. Labda mbwa. Kwa hiyo kuku watoke jua likishapanda, na waingie kabla halijazama. Wahesabu wakitoka, wahesabu wakiingia. Makombo ya chakula yaondoe jioni, yanaita wageni."

"Jirani alinishauri nitege nyama yenye sumu," alisema fundi.

"Usithubutu. Sumu haichagui. Atakufa mbwa wa mtu, au mtoto ataokota." Afisa alijifuta mikono. "Kuna jambo la mwisho. Mwewe huogopa mtu. Mchana nani yupo nyumbani?"

Fundi alimtazama mama mkwe.

"Mimi nipo," alisema mama kwa sauti ndogo. "Lakini kulinda sina bahati nako."

Afisa alimsogelea. "Mama, hapa halikuwa suala la bahati. Lilikuwa tundu. Na tundu tumeliona."

Mama aliinama, akalipima tundu lile kwa kiganja.

Kazi ilichukua siku nne. Fundi alichimba mtaro na kufukia wavu. Mama alifunga matawi kwa kamba akatengeneza vibanda vitano, kila kimoja kikifika magotini. Fundi alitoa cherehani nje, akaiweka barazani, ili wapokezane kuangalia.

Kuku walipotoka siku ya kwanza, walisimama wakipepesa macho. Kisha walitawanyika. Baada ya wiki tatu manyoya yalianza kuota mgongoni mwa yule mwenye kidonda. Mayai yalirudi, kwanza moja, kisha matatu kwa siku.

Alasiri moja kivuli kilipita juu ya ua. Jogoo alitoa mlio mkali. Kuku wote walizama chini ya matawi. Mama alisimama, akapunga khanga yake juu. Mwewe alizunguka mara mbili, akaenda zake.

Mama alihesabu polepole. Watano na jogoo. Wote walikuwapo. Aliketi.

"Mume wako alikuwa anaogopa jogoo," alisema ghafla. "Mpaka darasa la tano. Alikuwa akinituma mimi nimfungulie njia aende shule. Aliwahi kukwambia?"

"Hakuwahi, mama."

"Basi alikuficha."

Fundi aliondoa mguu kwenye cherehani, akasogeza kiti chake karibu ili asikie vizuri.