Neno Lililorukwa

Kila asubuhi kabla ya masomo, wanafunzi wa darasa la sita katika kijiji kimoja cha ujamaa karibu na Nkololo walipalilia pamba ya shule. Nyanjige na rafiki yake Mektilda walishika mstari mmoja kama kawaida, ila Jumatano hiyo Mektilda alipalilia kidogo na kusema mno.

"Kaka Salu anakwenda Tanga kwenye mkonge," alisema, akionyesha karatasi ya mkataba. "Atapewa nyumba ya bati, blanketi na baiskeli. Baiskeli mpya, Nyanjige! Jumamosi anaweka dole gumba, anapanda lori."

Nyanjige alimwonea kijicho. Kaka yake mwenyewe, Malimi, alikuwa amekataliwa na mwandikishaji wa vibarua wa mkonge kwa sababu ya mguu mbovu. Akaichukua karatasi aisome, angalau apate cha kukosoa. Akakipata. Iliandikwa: "Nyumba, blanketi na baiskeli kwa mkopo, utakaokatwa katika mshahara." Katika mkutano wa kijiji, Nyanjige akisikia, mwandikishaji alipowasomea vijana wasiojua kusoma, neno "mkopo" na yaliyofuata aliyaruka.

Nyanjige aliirudisha karatasi bila kulitaja neno hilo. Waende wakaone, aliwaza, na kwa kweli alifurahi.

Furaha hiyo haikudumu. Ijumaa alimkuta Salu akiwaaga majirani. Salu huyo ndiye aliyembeba mgongoni mto ulipofurika. Nyanjige akashikwa na aibu, akayasema yote mbele ya Mektilda na Eufrasia, mama yao Mektilda na Salu.

"Wivu tu huo!" Mektilda alifoka. "Kwa kuwa Malimi kakataliwa!"

Wivu Nyanjige alikuwa nao kweli.

"Lete karatasi," alisema Eufrasia. Alikuwa mwanafunzi wa elimu ya watu wazima tangu mwaka uliopita. Kidole chake kilitambaa polepole. "Kwa... m... mko... mkopo." Akalisoma tena.

Jumamosi, Eufrasia alipofika penye lori, vijana saba walikuwa wamekwisha kupanda, pamoja na Salu, aliyemwamini mwandikishaji zaidi. "Mwangaluka, mayu," mwandikishaji alimsalimu mama huyo kwa Kisukuma, akitabasamu.

"Mwangaluka. Hili neno mkopo ni la nini?"

"Maneno ya ofisini tu hayo, mama."

"Basi yasome kwa sauti, vijana wasikie."

Mwandikishaji alikohoa, akasoma mpaka kwenye baiskeli, akakwama. Eufrasia akammalizia. Salu alishuka wa kwanza, na wenzake wakamfuata. Lori liliondoka tupu.

Nyumbani, Eufrasia aliwaita wasichana wote wawili.

"Nyanjige, umemwokoa mwanangu, ahsante. Ila ulijua tangu lini?"

"Tangu Jumatano, mayu."

"Yule bwana aliliruka neno kwa faida yake. Wewe ukalificha kwa kijicho chako. Salu angeumia vilevile." Kisha akamgeukia Mektilda. "Na wewe, hata mwenye wivu anaweza kusema kweli. Ulikuwa na karatasi mkononi na unajua kusoma. Kwa nini hukuisoma?"